Bunduki Ndogo Hufia Kabatini

Mazungumzo na wanachama wapya wa kulenga shabaha, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za mchana. Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na waliosimama kule nyuma wasogee, feni iko upande huu.

Kabla sijaendelea, hii iliyolala mezani haina risasi. Nimeitazama mimi, katibu naye ameitazama, na bolti yake, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, ninayo hapa, mfuko wa kulia. Lakini msiniamini. Mkija mezani baadaye kila mmoja ataichungulia chemba, pale risasi inapolala nyuma ya mtutu, kwa jicho lake mwenyewe, hata kama mwenzake ametoka kuichungulia sasa hivi. Mtu akikwambia bunduki ni tupu, mshukuru, halafu itazame.

Nimeombwa nizungumzie kuchagua na kutunza bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa karibu inchi 0.22. Kwenye ratiba wameandika kuchagua kwanza, kutunza baadaye. Mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi muda mrefu, na sikumbuki hata .22 moja iliyoletwa imekufa kwa kupigwa risasi nyingi. Zilizoliwa na kutu kabatini ninazo kumbukumbu tele. Zilizouawa na wenyewe kwa kuzisafisha vibaya ni nyingi vilevile, na mojawapo ilikuwa yangu, nitawasimulia. Kwa hiyo mtu wa Dar akiniuliza anunue ipi, swali langu huwa moja: utaiweka wapi, na utaisafishaje? Nikipata jibu la hapo, bunduki yenyewe inajichagua.

Tuanze na hii risasi yenyewe, maana ndiyo inayotawala mambo mengine yote.

Risasi ya bunduki kubwa ina fataki katikati ya kitako cha ganda. Naona vijana wanacheka. Simaanishi yule fataki wa matangazo ya redioni anayewavizia wanafunzi. Fataki ni neno la zamani, ni kile kidonge kinachopasuka kikigongwa na kuwasha baruti. Sasa .22 haina kidonge hicho. Unga wa fataki umetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, ule uliotokeza chini kama ukingo wa sahani. Pini, kile kichuma cha kugongea, inapoubana ukingo, unga unalipuka na baruti inashika moto. Ili ukingo ubanike, ganda lazima liwe jembamba na laini, na ndiyo maana likishatumika halijazwi tena. Na ndiyo maana, hasa kwa risasi za bei ya chini, mara mojamoja inagoma. Unga haukuenea mzunguko mzima, pini ikaangukia pakavu.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mfaransa Flobert alikuwa na vitu vya aina hii tangu 1845, vya kuchezea shabaha sebuleni. Smith & Wesson wa Marekani wakatoa .22 fupi mwaka 1857, na hii ndefu tunayotumia leo ilitoka kwenye kampuni ya Stevens, Marekani hukohuko, mwaka 1887. Uzito wa kinachoruka ni kama gramu 2.6. Hata kijiko cha chai cha sukari kinaishinda.

Kiswahili chetu kimetoa jina moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachoruka. Kwa bunduki kubwa za siku hizi jina hilo linadanganya kidogo, kwa kuwa risasi zao zimevalishwa shaba. Kwenye .22 ya kawaida ya kulengea jina ni la kweli kabisa: ni risasi tupu, imepakwa nta. Hapo yanatoka mambo mawili ya kushika. Kwanza, risasi laini yenye nta, inayosukumwa na nguvu ndogo, haiuli mtutu. Mtutu wa .22 unaweza kupitisha makumi ya maelfu ya risasi na bado ukalenga vizuri. Pili, mikono yako ikitoka uwanjani ina risasi, nayo ni sumu, inakaa mwilini, na kwa watoto ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo maandazi yasubiri. Nawa kwa sabuni, na ile fulana ya uwanjani usimbebee mtoto.

Udogo wake usiwadanganye. Maboksi mengi huandikwa onyo kwamba inaweza kudhuru mbali zaidi ya kilomita moja na nusu. Hivyo ni vituo vya daladala kadhaa. Halafu inadunda. Ikigonga jiwe, au hata maji, kwa mlalo mdogo, inaruka tena kama kile kijiwe cha bapa tulichokuwa tunarusha ufukweni utotoni. Mtu asinipigie shabaha kuelekea baharini kwa kuwa "kule hakuna mtu". Kuna ngalawa, kuna wavuvi. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, refu na pana, lisilo na mawe. Hilo halina mjadala.

Haya, kuchagua.

La kwanza kabisa ni karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mlango wake ni Jeshi la Polisi. Usikubali rafiki akuachie bunduki "uizoee kidogo" wakati karatasi zako ziko njiani. Nenda kaulize utaratibu, uandike, uufuate. Sitakaa hapo zaidi, kwa kuwa anayetafuta njia ya mkato katika jambo hili hafai kuwa mwenzetu.

La pili, ijulikane ni ya kazi gani. Sisi hapa tunalenga shabaha mita 50. Kwa mashindano ya kimataifa, duara la kumi kwenye shabaha ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4, karibu na kifungo cha shati. Bunduki ya kugonga kifungo cha shati umbali huo ni nzito, ina mtutu mnene, na kanuni zinairuhusu hadi kilo 8. Anschütz wa Ujerumani wamejijengea jina hapo. Lakini mwanzoni usiikimbilie. Mzigo wa kilo sita au saba kwa mtu ambaye bado hajajua kupumua unafundisha kuchoka tu. Bunduki ya kawaida ya kilo mbili na nusu hadi tatu na nusu itakupa miaka ya kujifunza kabla hujaanza kuilaumu.

La tatu, ikukae. Kitako kikiwa kirefu, utajivuta shingo kama kobe. Kikiwa kifupi, kidole gumba chako kitagonga pua. Fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Kama jicho limetua kwenye mstari wa kulengea bila kuhangaika, hiyo inakufaa. Kina mama wengi hupewa bunduki ya mume kisha wanaambiwa hawana shabaha. Shabaha wanayo, kitako ndicho kirefu. Na wanaotumia mkono wa kushoto watafute yenye bolti ya kushoto kama ipo. Isipopatikana, wajifunze taratibu, wasilazimishwe.

La nne ndilo ninalolipigania. Chagua bunduki unayoweza kuisafisha kutokea nyuma.

Bolti ya kuvuta kwa mkono, kama hii ya mezani, inachomoka nzima. Ikishatoka, unautazama mtutu toka nyuma kama bomba la maji, na ufito wa kusafishia unaingia kulekule risasi inakoingilia. Zile za CZ kutoka Ucheki, ambazo wazee wengine bado wanaziita Brno, ni za namna hiyo: ilikuwepo 452, ikaja 455, sasa ipo 457. Ni za kawaida, ni imara, na zinasamehe makosa. Ninazisifu, lakini sina duka.

Sasa chukua Ruger 10/22 ya Marekani, inayojipakia yenyewe. Ilitoka mwaka 1964 na imeuzwa mno duniani, na kile kisanduku chake cha kuzunguka cha kuwekea risasi kumi ni kazi ya fundi mwenye akili. Ila mwili wake, kama ulivyotoka kiwandani, umezibwa nyuma. Ufito hauwezi kupita toka nyuma. Utalazimika kusafisha kwa kamba ya kuvuta, au kupitia mdomo wa mtutu, na mdomo ndiyo sehemu nyeti kuliko zote. Zaidi ya hapo, inayojipakia inamwaga masizi ndani kila ganda linaporuka, na inachagua chakula: risasi dhaifu haiendeshi mashine yake. Kule kwenye hewa kavu huo ni usumbufu mdogo. Hapa, masizi yakinyonya unyevu wa bahari, unakuta kitu kama ugali wa chuma.

Kuhusu iliyokwisha kutumiwa na mwingine, msiiogope. Nyingine ni nzuri kuliko mpya. Lakini mtu akija na maneno mengi, wewe njoo na pamba. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, zungusha taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Pamba ikinasa mahali, pana jino pale, na risasi itakuwa inasukumwa upande kila inapotoka. Toa bolti, mulika kwa tochi, tazama mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu. Ikiwa mikali na inang'aa, vizuri. Ikiwa na vishimo kama uso wa mwenye ndui, shukuru uondoke. Tazama ukingo wa chemba kama una tundu la pini, nitaeleza kwa nini. Kisha omba ruhusa ya kufungua skrubu mbili za chini utenganishe chuma na mbao. Mwenyewe akikataa, umeshapata jibu. Kutu ya Dar haikai juu, ambako kila siku kunapigwa kitambaa. Inajificha chini, chuma kinapokutana na mbao, mahali pasipofika mkono.

Niseme habari ya kutu basi, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa na mimi bado sijafika nilikokuwa nakwenda.

Tazameni mabati. Bati lililoezekwa Msasani na bati lilelile lililoezekwa Dodoma, baada ya miaka kumi siyo ndugu tena. Upepo wetu una chumvi, na chumvi inavuta maji toka hewani, inayalaza juu ya chuma. Nilikuwa na mteja aliyehama kutoka Mufindi akaja kuishi Mbezi. Bunduki yake ilikuwa imekaa miaka huko kwenye baridi, ndani ya mkoba wa ngozi wenye manyoya laini ndani, haina doa. Alipofika hapa akaiweka kabatini ndani ya mkoba uleule, akasafiri. Aliporudi baada ya masika akaifungua, ilikuwa imeota nywele nyekundu, na ramani ya manyoya ya mkoba imechorwa juu ya mtutu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ya bunduki ni mkoba. Manyoya yale na sponji ile hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha. Mkoba ni wa safarini. Ukifika nyumbani, bunduki itoke.

Itoke iende wapi? Kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani, lakini usilisimamishe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ndani weka vile vijipakiti vya kukausha, vinavyokuja na viatu na kamera. Vya kununua vizuri hubadilika rangi vikishiba, unavikausha kwenye oveni kwa moto mdogo na kuvirudisha. Mtu ameniuliza hapo mlangoni kuhusu mchele, kama tunavyoweka kwenye kidau cha chumvi. Mchele unasaidia chumvi kidogo, ila una vumbi na unaleta wadudu. Mle biriani.

Bolti ikae kwingine, na risasi zikae kwingine kabisa, chini ya ufunguo mwingine. Mama mmoja aliniambia watoto wake "wameelewa, hawagusi". Mama, watoto wote wameelewa, mpaka siku wamekuja wenzao.

Na kiyoyozi. Hili watu hawalijui. Umeiweka bunduki usiku kucha kwenye chumba cha baridi, au umesafiri nayo kwenye gari lenye baridi, halafu unafika uwanjani saa nne unaitoa kwenye joto lile. Inatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho hilo liko nje unapoliona, na liko ndani ya mtutu na ndani ya mashine ya kifyatulio usipoliona. Iache itulie ndani ya mkoba dakika kama ishirini mpaka ipate joto la hapo, ndipo uifungue. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoukubalia mkoba.

Mafuta. Mafuta ya cherehani yanatosha. Ndiyo, hayo ya kichupa cha plastiki yenye mdomo mrefu. Ni mepesi, hayagandi, yanapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji Kariakoo. Mafuta mahususi ya bunduki ni bora zaidi kwa kuzuia kutu, ukiyapata nunua. Mafuta ya nazi hapana. Najua bibi alipaka panga akalitunza nayo, lakini ya nazi yanachacha, yananata, na asubuhi ya baridi yanaganda. Yakiingia kwenye kifyatulio ni gundi. Na ile WD-40, kijana aliyeuliza, inafukuza maji vizuri sana. Bunduki ikipata mvua ghafla, ipulizie. Kisha ifute, upake mafuta ya kweli, kwa sababu peke yake haikai.

Kiasi ni kidogo. Kitambaa cha pamba kilicholowa tone chache, kipite juu ya chuma chote, hasa pale palipoguswa na mkono, maana jasho letu nalo lina chumvi. Hii ifanyike jioni ileile, siyo kesho. Mafuta mengi yanateremka kitakoni, yanaingia kwenye mbao, mbao inalainika na skrubu zinapoteza mshiko. Nimeona vitako vyeusi kama mkaa kwa sababu hiyo. Anayeiweka siku nyingi aisimamishe mdomo chini.

Mbao nazo zinaishi. Wakati wa masika zinanyonya, zinavimba, zinausukuma mtutu pembeni. Ukiona mwezi wa nne bunduki iliyokuwa inapiga katikati sasa inapiga kushoto, kabla hujaigusa darubini, kagua skrubu za kitako. Zikaze sawa na zilivyokuwa, bila kuzinyonga. Vitako vya plastiki havina ugonjwa huu, ingawa sura yake moyo wangu haujaikubali.

Sasa nisimulie kosa langu.

Nilipoanza nilikuwa msafi kupita kiasi. Nilikuwa na ufito wa chuma wa vipande vitatu vya kuunganisha, na kila nikitoka uwanjani niliuchomeka kwenye mdomo wa mtutu na kusugua kwenda na kurudi kama naosha sufuria. Kila mara, hata kama nimepiga risasi kumi. Viungio vya ufito vilikuwa na ncha, na kila vinapopita vinakwaruza ukingo wa mdomo upande uleule, kwa kuwa mkono wangu una tabia moja. Baada ya miaka kadhaa risasi zangu zilianza kutawanyika. Nikasema risasi mbaya. Nikabadilisha. Nikasema darubini mbovu. Mzee mmoja fundi akaja na kile kijiti cha pamba nilichowaambia, akakizungusha mara moja, pamba ikanasa. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, umeifuta hii mpaka umeifuta kabisa." Mdomo ukakatwa na kuchongwa upya na fundi mwenye kibali, mtutu ukawa mfupi kwa kiasi cha kidole, na ukarudia kupiga vizuri. Ufito ule nikaugeuza mshikaki, baada ya kuuchoma moto kwanza, msinishtaki.

Kwa hiyo, kusafisha mtutu. Ufito wa kipande kimoja, uliovishwa plastiki au wa nyuzi za kaboni. Bolti nje, na kiongozi cha plastiki kwenye tundu la bolti ili ufito usigonge kuta za chemba. Kitambaa chenye kiyeyushi kiingie nyuma, kitoke mbele, kianguke. Usikirudishe kupitia mdomo. Subiri kidogo, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe, au karibu na cheupe, msiwe na wazimu kama wangu. Brashi ya shaba itumike mara chache, risasi ikiwa imeganda kwenye mifuo. Na kwenye chemba, pale mdomo wa ganda unapoishia, hujengeka pete ngumu ya masizi. Hiyo ndiyo inayofanya risasi iingie kwa shida na maganda yagome kutoka. Iondoe hiyo, mtutu wenyewe uachie nafasi.

Mara ngapi? Hapo walengaji wanagombana tangu enzi. Wapo wanaosafisha kila siku, wapo wanaongoja risasi mia tano. Nta ya kwenye risasi inautandika mtutu utando mwembamba, na bunduki inatulia juu ya utando huo. Ukiusafisha wote, risasi kumi hadi ishirini za kwanza zitatangatanga mpaka utando urudi. Mimi husafisha zikianza kutawanyika. Nikijua bunduki itakaa wiki mbili na zaidi bila kazi, napitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa ajili ya hewa yetu, na siku ya kupiga nayatoa kwanza kwa kitambaa kikavu. Hilo la pili ndilo watu wa nchi kavu wanaweza kulipuuza. Sisi hatuwezi.

Niliahidi habari ya tundu la pini. Kwa kuwa .22 inagongwa ukingoni, ukifyatua chemba ikiwa tupu, pini haina ukingo wa kugonga. Inaweza kugonga chuma cha chemba chenyewe, kidogo kidogo inachimba, na siku moja risasi hazishiki au hazitoki. Baadhi ya bunduki za sasa zimetengenezwa pini isifike huko, Ruger ikiwemo, na vitabu vyake vinasema. Usipokuwa na kitabu chake, usifyatue tupu. Ukitaka mazoezi ya kidole nyumbani, tumia risasi bandia ya plastiki.

Na risasi ipi? Ile ambayo bunduki yako inaipenda. Ninasema kweli. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, namba zinafuatana, moja inaipenda risasi ya Eley na nyingine inaitema. Nunua boksi mojamoja za aina unazopata, piga mafungu ya tano tano ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga, utaona lenyewe. Ukishaipata, nunua za toleo moja, namba iko ubavuni mwa boksi. Msivutwe na maandishi ya kasi kubwa. Risasi ya kawaida ya kulengea hutoka kama mita 330 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu unakaribia 350. Ile ya kasi hutoka juu ya sauti, kisha inapunguza mwendo na kuvuka mpaka wa sauti ikiwa njiani, na pale inatikisika.

Upepo mtajifunza wenyewe. Uwanja wenye kusi toka kushoto unataka moyo tofauti na kaskazi la mchana wa Januari. Darubini nayo, kwa haraka: ya bunduki kubwa imepangwa kwa mbali, na kwa mita 50 jicho likisogea kidogo ile alama nayo inatembea. Nunua iliyopangwa kwa .22, au yenye kurekebishika. Kisha uipeleke kwa fundi aifunge sawasawa.

Mwisho wa ya uwanjani. Ukifyatua ikasema "tk" tu, usifungue bolti. Hesabu thelathini taratibu, mdomo ukielekea shabaha, ndipo uitoe na kuiweka kando kwenye kopo la mbovu. Na ukifyatua ikatoa mlio hafifu, "puf", kama mtu aliyekohoa chumba cha pili, simama hapohapo. Inawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Nimewaletea kipande kimoja cha aina hiyo, kimepasuliwa katikati, mtaviona vichwa vya risasi vimepangana humo, vitano. Mwenyewe alikuwa anashangaa kwa nini haoni matundu kwenye karatasi.

Naona mwenyekiti amesimama, kwa hiyo tuje mezani. Wanne wanne, tafadhali, na waliokula chipsi wakanawe kwanza. Kila mmoja achungulie chemba. Halafu nitatoa bolti mfukoni, na yule dada wa shati la kijani ndiye atakayeanza kushika ufito.